Mchagua Jembe na Kihisi cha Oksijeni

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima, na kauli yao yamfaa sana mvivu atafutaye kisingizio. Hata hivyo, ziko kazi ambazo jembe lisipochaguliwa, shamba lenyewe huharibika. Miongoni mwazo ni kazi ya kubadilisha kihisi cha oksijeni katika gari, kile ambacho mafundi wetu hukiita oksijeni sensa. Wiki hii twapenda kuizungumza kazi hiyo katika safu yetu, kwa kuwa gari limekuwa sehemu ya matumizi ya nyumba. Ndilo lipelekalo watoto chuoni na skuli, ndilo limchukualo mzee hospitali, na kwa jamaa wengi ndilo litafutalo riziki. Likilala gereji siku tatu kwa sababu ya spana moja, nyumba nzima huhisi.

Kihisi chenyewe ni kitu kidogo, chenye urefu wa kidole, kilichofungwa kwa meno katika bomba la moshi. Ndani yake mna kauri ya zirkonia. Moshi wa injini huigusa kauri hiyo upande mmoja na hewa safi huigusa upande wa pili, na tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo huzaa umeme mdogo. Petroli ikizidi, umeme hufika takriban volti 0.9, hewa ikizidi, hushuka karibu na volti 0.1. Kompyuta ya injini huusoma umeme huo, ikaongeza au ikapunguza petroli ili uwiano usalie karibu na gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Kauri haifanyi kazi mpaka ipate moto wa zaidi ya nyuzi 300 hivi, na ndiyo sababu vihisi vingi vya leo vina waya wa kukipasha moto kihisi ndani kwa ndani.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuvitengeneza vihisi hivi kwa wingi mwaka 1976, na Volvo ya Uswidi ikawa ya kwanza kuvitia katika magari yake. Kwetu vilichelewa kupata nafasi, kwa kuwa madini ya risasi yaliyokuwa yakitiwa katika petroli ni sumu kwavyo. Petroli ya namna hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Leo karibu kila gari la petroli lishukalo Kilindini lina kihisi kimoja kabla ya katalisti, yaani kile chombo cha kusafishia moshi, na kingine baada yake. Injini za mtindo wa V huweza kuwa na vinne.

Kihisi cha mbele kikichoka, gari huanza kunywa petroli pasipo sababu ya kuonekana, injini hutetema ikisimama, na moshi huweza kutoka na harufu nzito. Taa ya injini huwaka katika dashibodi. Lililo baya zaidi ni kwamba petroli isiyoungua huifikia katalisti na kuipasha moto kupita kiasi mpaka ikaharibika, na katalisti hutengenezwa kwa madini ghali kama platini na paladi. Mwenye kuipuuza kazi ndogo aghalabu hulipia kazi kubwa.

Basi tatizo la zana liko wapi? Liko katika mambo mawili. La kwanza ni waya. Kihisi kina mkia wa nyaya utokao kichwani pake na kuishia katika plagi pana. Soketi ya kawaida haiwezi kukivaa, maana waya umeziba njia. Na spana ya ringi haiwezi kupita juu ya plagi. La pili ni kutu. Kihisi hukaa katika chuma kinachopata moto mkali na kupoa kila siku, na hewa yetu ya pwani ina chumvi. Gari lililoingia nchini likiwa na umri wa karibu miaka 8, likaongezewa miaka mingine ya kupita ufuoni na kuvuka Likoni, huwa limekishika kihisi chake kana kwamba vimeunganishwa kwa moto.

Hapo ndipo fundi mwenye haraka huchukua spana ya mdomo wazi. Spana hiyo hushika pande mbili tu kati ya sita, na kwa nguvu nyingi hukwaruza pembe mpaka kichwa kikawa mviringo. Akishindwa, huleta koleo la bomba, akamalizia kazi ya kukiharibu. Tumeona magari ambayo kazi ya nusu saa iligeuka kuwa ya kukata bomba la moshi na kuchomelea kipande kipya, na mwenye gari akalipia kihisi, bomba na siku mbili za kutembea kwa matatu.

Zana zilizobuniwa kwa kazi hii ni za namna tatu, na karibu zote zina kipimo cha milimita 22, ambacho ndicho kipimo cha kichwa cha vihisi vingi. Ya kwanza ni soketi ndefu yenye mwanya ubavuni, ambamo waya hupenya ilhali soketi imekishika kihisi pande zote sita. Hiyo hufaa pale ambapo nafasi ya juu ni ya kutosha. Ya pili ni soketi fupi ambayo tundu la kutilia mpini limewekwa kando yake badala ya juu. Hiyo ni ya mahali pa finyu, kama vile nyuma ya injini karibu na ukuta wa gari. Ya tatu ni spana ya ringi iliyokatwa mwanya mdomoni, ya kutumiwa pale ambapo mkono wenyewe waingia kwa taabu.

Kabla ya kununua yoyote, ni lazima kwanza kuinama na kutazama. Baadhi ya magari ya Toyota ya zamani hayana kihisi cha kusokotwa kabisa. Kihisi chao kimekaa juu ya kibao chenye nati mbili, na spana ndogo ya kawaida huzifungua. Mwenye gari la namna hiyo akinunua soketi ya mwanya atakuwa amenunua pambo. Kadhalika, atazame kihisi kimeelekea wapi, waya wapita wapi, na mpini una nafasi gani ya kuzunguka. Mpini wa nusu inchi ni bora kuliko mdogo wa robo tatu ya nusu inchi, kwa sababu kazi hii yataka nguvu.

Soketi ya mwanya nayo ina udhaifu wake. Kwa kuwa imekatwa ubavuni, ikilemewa hufunguka mdomo na kuteleza, hasa ile ya bei nafuu yenye chuma chembamba. Kwa hiyo iko njia nyingine ambayo mafundi wazoefu huitumia: kama kihisi cha zamani ni cha kutupwa kwa yakini, huukata waya wake, wakakivika soketi ndefu ya kawaida ya milimita 22 yenye pande sita, isiyo na mwanya wala udhaifu. Njia hii ni nzuri, lakini ina sharti lisilovunjwa. Waya usikatwe mpaka kihisi kipya kiwe mkononi na plagi yake imelinganishwa na ya zamani. Vihisi viwili vyaweza kuwa na nyaya nne kila kimoja, vikafanana sura, na vikatofautiana kwa kazi. Namba iliyochapwa mwilini ndiyo shahidi wa kutegemewa. Na soketi ya mwanya bado itahitajika wakati wa kukikaza kile kipya, kwa kuwa waya wa kipya haukatwi.

Kabla ya spana yoyote, pana swali: je, kihisi ndicho chenye kosa? Mashine ya kusomea makosa hutoa namba, na namba hiyo huelekeza tu, haitoi hukumu. P0135 yahusu umeme wa kupasha moto kihisi cha mbele, na P0141 yahusu ule wa kihisi cha nyuma; huenda ni fyuzi au waya uliokatika. P0171 yasema hewa imezidi, na sababu yaweza kuwa mpira uliopasuka unaoingiza hewa. P0420 yalalamikia katalisti, na tundu dogo katika bomba la moshi laweza kuizusha. Fundi asomaye namba na papo hapo kuagiza kihisi amekwenda mbio kuliko ushahidi wake. Aombwe kwa adabu apime kwa mita ya umeme na kukagua bomba kwanza.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Gari likiinuliwa liwekwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu alalaye chini yake. Mafuta ya kulegeza kutu yatiwe kwenye meno bomba likiwa baridi, na ikiwezekana yaachwe usiku kucha. Kisha injini iwashwe dakika chache ili chuma kipanuke kidogo, izimwe, na kazi ifanywe kukiwa na joto lisilounguza, mkono ukiwa na glavu. Plagi itolewe kwanza. Kihisi kikianza kusogea kisivutwe moja kwa moja. Kirudishwe nyuma kidogo, kiongezwe mafuta, kisongezwe tena, mpaka kilegee. Subira ya robo saa hapa huokoa meno ya bomba.

Kikishatoka, tundu litazamwe. Meno ya vihisi vingi ni ya milimita 18, yenye hatua ya milimita 1.5, na iko zana ya kuyasafisha yenye kipimo hicho hicho. Kihisi kipya kianzwe kwa vidole. Kikikataa kuingia kwa vidole, kisilazimishwe kwa spana. Vingi huja vimepakwa dawa ya kuzuia kukwama, na kisichopakwa hupakwa kidogo kwenye meno tu, kamwe si kwenye ncha. Kukaza ni takriban nyutoni mita 40, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kihisi kilichoanguka sakafuni kisifungwe, kwa kuwa kauri yake huweza kuwa imepasuka ndani pasipo jicho kuona.

Tusisitize jambo moja kwa wasomaji wetu ambao hawatashika spana wenyewe, nao ndio walio wengi. Zana hii yawahusu pia. Mnapopeleka gari, muulizeni fundi kwa upole: je, unayo soketi ya mwanya ya milimita 22? Fundi stadi hataudhika. Ataitoa na kuionyesha. Asiyekuwa nayo akiri na aiazime, kuliko kujaribu kwa koleo juu ya mali ya mtu. Gari lililoachwa gereji ni amana, na nusu ya kutunza amana ni kuwa na zana iliyo sawa nayo. Akitokea wa kupendekeza kuing'oa taa ya injini au kuidanganya kompyuta ili isilalamike, aambiwe hapana. Taa hiyo ni ulimi wa gari, na kuukata hakuponyi maradhi.

Kwa wale wenye mazoea ya kutengeneza nyumbani, twashauri soketi hii inunuliwe na majirani wawili au watatu kwa shirika. Ni zana ambayo mtu mmoja huihitaji mara moja katika miaka mingi, maana kihisi chenye kupashwa moto huweza kudumu kilomita 160,000. Iandikwe jina, iwekwe kwa mmoja wao, na mwenye kuiazima airudishe ikiwa imefutwa mafuta.

Nao wahenga hatuwapingi. Mkulima hodari hulima kwa jembe alilonalo, ila hamwazimi mwenzake shamba ili ajaribie jembe butu juu yake.