Mtoto wa kambo na visa ya kuungana na familia: tarehe na fomu zinazoamua hatima yake

Mama ameolewa na mwanamume anayeishi Toronto au Minneapolis. Ndoa imefungwa Mombasa, mume amerudi kazini kwake, na maombi ya visa yameanza. Binti wa mama huyo, mwenye umri wa miaka 16, amebaki kwa bibi yake akingoja "kuitwa". Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita, kisha familia inaambiwa kwamba mtoto hayumo kwenye faili.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kwa wasikilizaji wetu wenye jamaa ng'ambo si jambo geni. Swali linaloulizwa ni moja: je, baba au mama wa kambo anaweza kumdhamini mtoto asiyemzaa? Jibu ni ndiyo, lakini njia inategemea nchi, na kosa dogo la mwanzoni linaweza kumweka mtoto mbali na mama yake kwa miaka mingi.

Marekani: je, ndoa ilifungwa mtoto akiwa na miaka mingapi?

Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamtambua mtoto wa kambo kama mtoto wa mdhamini. Sharti ni kwamba ndoa iliyowafanya kuwa mzazi na mtoto wa kambo iwe ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Ikiwa mama aliolewa binti akiwa na miaka 17 na miezi kumi, baba wa kambo anaweza kumwombea. Ikiwa harusi ilisubiri miezi mitatu zaidi, hawezi, hata kama amemlea tangu akiwa mchanga.

Hapa ndipo desturi zetu zinapogongana na makaratasi. Wengi huanza na mahari na baraka za wazee, wakaishi miaka, kisha wakaenda kwa msajili pale tu safari inapokaribia. Cheti kitaonyesha tarehe ya pili. Marekani huangalia kama ndoa ilikuwa halali pale ilipofungwa, kwa hiyo ndoa ya kimila inaweza kuhesabiwa, lakini anayeidai ndiye anayepaswa kuithibitisha. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, zikiwemo za kimila. Familia iliyosajili mapema huwa na kazi ndogo zaidi ya kujieleza.

Mtego wa pili ni idadi ya maombi. Raia wa Marekani anapomwombea mke wake kwa fomu I-130, watoto wa mke hawaingii humo moja kwa moja. Kila mtoto anahitaji fomu yake. Wengi hudhani kuandika majina ya watoto ndani ya fomu ya mama kunatosha. Hakutoshi, na mara nyingi kosa hugunduliwa mama akiwa ameshafika huko.

Umri nao una hesabu yake. Mtoto wa raia ambaye hajaoa au kuolewa na hajafikisha miaka 21 huwekwa kwenye kundi la jamaa wa karibu, ambalo halina kikomo cha visa kwa mwaka. Sheria ya mwaka 2002 ya kulinda hadhi ya watoto husimamisha umri wake siku raia anapowasilisha maombi. Kwa hiyo aliyeombewa akiwa na miaka 20 hapotezi nafasi kwa sababu ofisi ilichelewa. Lakini aliyesahauliwa hadi akavuka miaka 21 huhamia kwenye foleni ya watoto wakubwa, na foleni hiyo ni ya miaka. Kwa mdhamini mwenye kadi ya kijani ambaye bado si raia, ugumu unaongezeka: visa ni za idadi maalumu, na mtoto akioa au kuolewa, njia hiyo hufungwa kabisa.

Canada: je, mtoto alitajwa?

Canada inafuata mantiki tofauti. Kanuni zake zinamtafsiri mtoto tegemezi kuwa wa kuzaa au wa kuasili. Baba wa kambo hamdhamini mtoto huyo peke yake. Mtoto huingia kama tegemezi ndani ya maombi ya mama yake. Kikomo ni chini ya miaka 22, kama ilivyo tangu Oktoba 2017, na mtoto asiwe na mwenzi. Umri hufungwa siku maombi yaliyokamilika yanapopokelewa.

Hali hii ina athari zake. Mama akifariki kabla mtoto hajasafiri, baba wa kambo aliyeko Canada hana mlango wa kawaida wa kumdhamini, hata kama ndiye pekee aliyebaki kumsomesha. Atalazimika kufikiria kuasili au kuomba huruma kwa misingi ya kibinadamu, njia ambazo hazina uhakika.

Lakini kanuni inayoumiza familia nyingi zaidi ni ile ya kutotajwa. Anayeomba ukaazi wa kudumu wa Canada lazima ataje watoto wake wote, wanaosafiri naye na wanaobaki, na wote wapimwe afya. Mtoto ambaye hakutajwa na hakupimwa huondolewa kwenye kundi la familia, na mzazi hawezi kumdhamini baadaye. Katika sheria, hilo ni katazo la kudumu.

Kwa nini mzazi amfiche mtoto wake? Sababu tunazijua. Kuna mama aliyezaa kabla ya ndoa na hajamwambia mume. Kuna mkimbizi aliyepotezana na mtoto vitani na kudhani amekufa. Kuna aliyeambiwa na wakala kwamba watoto wengi huchelewesha faili. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa anayeficha alishazaa, na anayelipa ni mtoto.

Septemba 2019 serikali ya Canada ilianzisha mpango wa majaribio unaowaruhusu baadhi ya watu kurekebisha kosa hilo, hasa waliofika kama wakimbizi na wale waliodhaminiwa wenyewe kama wenzi au watoto. Mpango huo umeongezwa muda zaidi ya mara moja, lakini unabaki kuwa sera ya muda wakati kanuni yenyewe ipo palepale. Mwenye tatizo hili asingoje.

Baba mzazi yuko wapi?

Katika mazungumzo ya visa, mtu anayesahauliwa mara nyingi ni baba aliyemzaa mtoto. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, Canada hutaka tamko la maandishi la mzazi asiyesafiri kwamba anakubali mtoto ahamie huko, au amri ya mahakama inayompa mama malezi. Lengo ni kuzuia mtoto kuhamishwa kwa siri.

Kwa Kenya, jambo hili lina uzito wa kikatiba. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la. Mama anayesema "huyo hajawahi kuleta hata sukari" anaweza kuwa anasema kweli, lakini ofisa wa visa anataka saini au hukumu. Kesi ya malezi huchukua muda, hivyo ianze mapema.

Wengine hushauriwa kukwepa usumbufu kwa kumwandika baba wa kambo kuwa ndiye baba mzazi kwenye cheti cha kuzaliwa. Ushauri huo ni hatari. Cheti kilichotolewa kwa kuchelewa, wiki chache kabla ya maombi, huzua maswali, na ofisa anaweza kupendekeza kipimo cha vinasaba. Udanganyifu ukibainika Canada, adhabu ni pamoja na kufungiwa kwa miaka mitano. Jambo la kusikitisha ni kwamba ukweli ungetosha: sheria haikumtaka awe baba wa damu.

Anayedhamini anajifunga nini?

Mdhamini nchini Marekani husaini hati ya msaada, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini. Talaka haifuti wajibu huo. Canada, nje ya Quebec yenye taratibu zake, ahadi ya kumtunza mtoto wa chini ya miaka 22 hudumu miaka 10 au hadi afikishe miaka 25, lolote litakalotangulia. Ni vyema mume na mke walizungumze hili kabla ya kusaini.

Siasa nazo hazijatulia. Juni 2025 Rais Donald Trump alitia saini tangazo la kuzuia visa kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na masharti yameendelea kubadilika. Kabla ya kulipa ada yoyote, angalia tovuti ya ubalozi husika siku hiyohiyo.

Tukirudi kwa binti wetu wa miaka 16, kesi yake si ngumu. Ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18, na bado yuko chini ya 21. Kinachohitajika ni jina lake liandikwe mahali panapostahili, fomu yake iwasilishwe kama ni Marekani, na baba yake mzazi atafutwe. Swali la kumuuliza mama anayejiandaa kusafiri ni hili: watoto wako wote wamo kwenye karatasi? Aulizwe leo, kabla bahasha haijafungwa.