Maneno Yanayoweza Kusimama Pamoja

Neno la juma hili tumeletewa na msomaji wa Dodoma, nalo ni la Kiingereza: ‘consistent’. Asili yake ni Kilatini, consistere, yaani kusimama pamoja au kusimama imara, na maana zote mbili zingali hai. Mtu asiyegeuka katika mwenendo wake huitwa hivyo. Sisi tunamwita thabiti. Kauli mbili nazo huitwa hivyo iwapo zaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Hapo husema zinapatana, na zisipopatana, zinakinzana. Barazani hawahangaiki na msamiati: shahidi wa namna hiyo amejichanganya, basi.

Lakini kutofautiana si kukinzana. Mmoja akisema mvua imenyesha Kondoa, mwingine akasema Mpwapwa ni kukavu, hakuna mwongo kati yao. Kauli hukinzana pale tu ukweli wa moja unapoifukuza nyingine.

Hili si la darasani tu. Kwa miaka mingi, katika mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo, mashahidi walisema kwa Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa kwa Kiingereza. Tuchukue mfano wa mama wa Bahi anayesema mgonjwa alichukuliwa saa mbili usiku. Mwandishi asiye makini akiinakili tarakimu hiyo kama ilivyo, msomaji wa Kiingereza ataielewa kuwa ni saa nane za usiku. Jirani yake akiandikwa sawasawa, tayari wamepishana kwa saa sita, ilhali kwa ndimi zao walisema jambo moja.

Zito zaidi ni neno ‘ndugu’. Leo shahidi wa mirathi anamtaja marehemu kuwa ndugu yake, nalo likaandikwa kwa Kiingereza kuwa kaka. Kesho anaeleza kuwa ni mtoto wa baba yake mdogo. Kwa Kiingereza amejipinga. Kwa Kiswahili hakubadili chochote. Na kwa mirathi ya Kiislamu tofauti hiyo si ndogo, kwani kaka wa baba na mama mmoja humzuia mtoto wa ami.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu iliyochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1995, ilielekeza kuwa ushahidi ukikinzana, mahakama inapaswa kuutazama mkinzano huo, kuutatua iwezekanapo, na kuamua kama ni mdogo au unagusa mzizi wa shauri. Wanazuoni wa hadithi wanaijua njia inayokaribiana na hiyo. Imam Shafii alikiandikia kitabu suala la hadithi zinazoonekana kutofautiana, na kanuni mashuhuri ni kujaribu kwanza kuzipatanisha kabla ya kuipa moja uzito.

Mwaka 2021 Bunge, pale Dodoma, lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, isipokuwa pale haki itakapohitaji vinginevyo. Tunaiona ni heri kubwa. Hata hivyo, majalada ya kabla ya hapo yameandikwa kwa Kiingereza. Mwenye shauri la zamani, akisikia kwamba ushahidi wa mama yake umekataliwa kwa kujichanganya, amuulize wakili wake ni neno gani hasa mama alilitamka.