Saa Twazihesabu, Jasho Je?

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimeketi barazani na wenzangu tukinywa kahawa. Alipita kijana wa mtaani, na mzee mmoja akamwuliza, "Mkeo afanya kazi wapi siku hizi?" Kijana akajibu, "Hana kazi, mzee. Yuko nyumbani tu."

Hakuna aliyepinga. Nami nilinyamaza, ingawa asubuhi ile nilimwacha mke wangu ameinamia karai la nguo, na kabla ya hapo alikwisha fagia ua, akapiga deki, akakuna nazi.

Je, hayo si kazi? Mwaka 2021 serikali yetu ilifanya uchunguzi wa kwanza wa jinsi Wakenya wanavyotumia muda wao. Ilidhihirika kwamba wanawake hutumia asilimia 18.7 ya siku katika kazi za nyumbani na ulezi bila malipo, yaani karibu saa nne na nusu. Wanaume ni asilimia 3.6, haifiki hata saa moja.

Hesabu hiyo ni njema, lakini haikutosha. Saa haijui jasho. Saa moja ya barazani na saa moja ya karai, kwake ni sawasawa.

Mizani ya jasho nayo ipo. Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Barbara Ainsworth, walichapisha orodha ya shughuli za binadamu na nguvu ambazo mwili hutumia katika kila moja. Mtu aliyeketi kimya hupewa moja. Kuanzia tatu hadi kukaribia sita ni kazi ya wastani, na sita kwenda juu ni kazi nzito. Kufua kwa mikono hupewa kama nne. Basi mfuaji hutumia nguvu mara nne ya mtu aliyetulia kitini.

Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wapate angaa dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki. Sisi wa barazani twazipata wapi? Huyo "asiye na kazi" huenda akazimaliza kabla wiki haijafika nusu.

Lakini tusije tukajipa udhuru kwamba kazi hizo ni mazoezi yake. Afanyaye mazoezi huchagua wakati na hupumzika apendapo. Mwenye nyumba, akimaliza karai, chungu chamngoja, na mtoto analia.

Kwa hiyo naona wanaopanga mambo ya nchi wapime vyote viwili, muda na jasho, kwa kazi zetu wenyewe: kinu, mbuzi ya nazi na ndoo ya kisimani.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kijana yule akipita tena, nitamwita aketi, nimwulize nazi ya jana ilikunwa na nani.