*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE: USHURU WA BIASHARA NDOGO NA ILE SAUTI INAYOZUNGUKA*

Wanachama wenzetu, hasa nyinyi wa soko la Kongowea, wenye vibanda vya barabarani, mafundi na akina mama wa mahamri:

Tangu wiki iliyopita kuna sauti inazunguka katika vikundi vya chama. Anayezungumza anajiita mtetezi wa wafanyabiashara wadogo. Anasema: msijisajili, msitoe risiti, msijaze chochote, tukiingia serikalini 2027 tutafuta yote. Kamati imeisikiliza mara mbili. *Huo si msimamo wa tawi hili.* Ni kumsukuma mtu shimoni kisha kumwahidi ngazi baada ya uchaguzi.

Kabla hamjaturukia kwamba tumekuwa mawakala wa KRA, tusomeni hadi mwisho. Hasira iliyomo katika sauti ile ni ya haki. Ushauri wake ndio mbovu.

Hasira inatoka wapi? Ushuru wa mauzo, huu tunaouita TOT, ulianza 2008 kwa asilimia 3. Januari 2019 ukaja utaratibu mwingine, mtu alipe asilimia 15 ya ada ya leseni yake ya biashara. Januari 2020 TOT ikarudi kwa asilimia 3. Mwaka haujafika katikati, korona imeingia, ikashushwa hadi asilimia 1. Julai 2023 Sheria ya Fedha ikaipandisha tena hadi asilimia 3, kwa biashara zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema sheria hiyo ya 2023 ni batili yote. Watu wakashangilia. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikairejesha. Mhasibu mwenye ofisi Moi Avenue hulipwa kufuatilia mambo haya. Muuza vitunguu anayefika sokoni saa kumi alfajiri analipwa na nani?

Halafu tazameni hesabu yenyewe. TOT hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Anayeuza shilingi 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ana mauzo ya 260,000. Asilimia 3 ni 7,800. Ikiwa faida yake ni shilingi 10 katika kila 100, kabakiwa na 26,000, basi ushuru umekula karibu thuluthi ya riziki yake. Nyanya zikioza mwezi huo na faida ikawa sufuri, bado anadaiwa 7,800. Aliyeweka kiwango hiki hajawahi kuuza kitu kinachooza. Na msidhani milioni 1 ni ya matajiri: anayeuza 3,500 kwa siku, siku sita kwa wiki, ameshaivuka.

Kwa hiyo tunakubaliana na hasira. Sasa ule ushauri wa kujificha. Ritani ya TOT huwasilishwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kuchelewa ritani moja ni adhabu ya shilingi 1,000. Mwaka mmoja wa kunyamaza ni ritani kumi na mbili, yaani 12,000 kabla ushuru wenyewe haujaguswa. Ushuru uliochelewa huongezwa asilimia 5, halafu riba ya asilimia 1 kila mwezi. Mwenye sauti atakulipia? Hata jina lake hakulitaja.

Kuna na wale wa kujaziwa ritani ya sufuri kwenye saiba kwa mia mbili mia tatu. Ukiuza kila siku kisha ukatangaza kwamba hukuuza kitu, tamko la uongo lina jina lako na PIN yako. Kijana wa saiba hayumo. Na hoteli ikikununulia viazi na kuingiza manunuzi hayo katika eTIMS, KRA inayaona hata kama wewe uliandika sufuri.

Hapo kwenye eTIMS ndipo panapotuuma zaidi. Tangu Januari 2024, mnunuzi asiye na ankara ya kielektroniki hawezi kuondoa gharama hiyo katika hesabu ya ushuru wake. Matokeo mmeyaona: hoteli na shule zikaanza kuwakataa wauzaji wa vibandani. Lakini sheria ilirekebishwa Desemba 2024. Muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, na mkulima mdogo pia, ankara hutolewa na *mnunuzi*. Ni nafuu kubwa. Ni wangapi katika tawi hili mliowahi kuisikia? Adhabu hutufikia mbio, nafuu inakuja kwa miguu. Anayekukataa kwa sababu huna mashine, mwambie sheria inamtaka yeye atoe ankara. Anayetaka kutoa yake mwenyewe anaweza kutumia simu ya kawaida kwa *222#, haihitaji mashine.

Katiba yetu, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mswada wa Fedha huletwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili na hupitishwa kufikia 30 Juni. Miezi miwili tu, kwa Kiingereza cha mawakili, halafu tunaambiwa umma ulishirikishwa. Umma upi?

Msimamo wa tawi ni huu. Kiwango cha ushuru wa biashara ndogo kikishapitishwa kisiguswe kwa miaka mitano. Kila badiliko lichapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa sokoni miezi sita kabla ya kuanza, na mwaka wa kwanza wa kanuni mpya usiwe na adhabu kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 5. Tunawaambia hayo hata wabunge wa chama chetu, maana wapo walioinua mkono bila kuusoma mswada. Atakayetaka jukwaa letu atujibu kwa maandishi kabla ya 30 Aprili. Na mgombea yeyote atakayesambaza sauti ile hatapanda jukwaa la tawi hili.

Jumapili baada ya mkutano, wanachama wetu watatu wanaojua hesabu watakaa hadi magharibi kusaidia bila malipo. Njoo na PIN, simu yenye chaji na daftari lako la mauzo, hata kama ni la kurasa zilizochanika. Nywila ya iTax uiingize mwenyewe, usimpe mtu, hata sisi.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi. Mtumie mwanachama asiye katika orodha hii._