Vijana Wetu na Mvua ya Milimani



Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu tumeulizwa jambo moja na wazazi zaidi ya wawili, nasi tumeona ni bora tulijibu hapa kuliko kulijibu mlangoni mwa madrasa, watu wamesimama na watoto wanasinzia. Shule zimewaletea fomu. Vijana wao, wa kiume na wa kike, wamechaguliwa kuingia katika timu za Ten Tors, na wazazi wanatakiwa watie saini ya idhini. Mama mmoja alituambia kwa maneno haya: “Mtoto wangu atembee nyikani siku mbili, kwenye mvua, bila ya mtu mzima, kisha niambiwe kuwa ni heshima?” Swali lake ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa kuchekwa, kama alivyofanya mumewe.

Kwanza tuijue shughuli yenyewe. Ten Tors huandaliwa na Jeshi la Uingereza mwezi wa Mei katika nyanda za juu za Dartmoor, mkoani Devon, kusini-magharibi ya nchi hii. Ilianza mwaka 1960. Huingia timu zipatazo 400, kila timu vijana sita, wenye umri wa baina ya miaka 14 na 19. Njia ziko za maili 35, maili 45 na maili 55, kwa kadiri ya umri. Yaani kilomita 56, 72 na 88. Huondoka kambi ya Okehampton Jumamosi saa moja ya asubuhi, na hutakiwa wawe wamerejea Jumapili kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Baina ya nyakati hizo wapitie vilele kumi vya majabali ya itale, ambavyo watu wa huko huviita tor. Hema, chakula, jiko, mifuko ya kulalia, vyote vimo katika shanta zao wenyewe. Njia huitafuta kwa ramani na dira. Waandalizi husisitiza kuwa haya si mashindano ya mbio. Hayo lakini mwambieni kijana wa miaka kumi na tano aliyepitwa na timu ya shule jirani kwenye kilele cha saba!

Sasa tuje kwenye mvua, maana hapo ndipo penye khofu ya mama yule, na khofu yake imepata mahali pake.

Wengi wetu tumelelewa na mvua ya masika. Mvua ile ni kubwa, hufunga barabara na kuangusha kuta za udongo, lakini ni mvua ya joto. Watoto hutoka wakaoga chini ya mchirizi wa paa, na mama anapopiga kelele huwa anazililia nguo, si uhai. Kwa hivyo tumekua na imani kwamba kurowa ni adha tu, si hatari. Imani hiyo tumesafiri nayo hadi huku, na huku si kweli. Maji huondoa joto la mwili kwa kasi ipatayo mara ishirini na tano kuliko hewa iliyotulia. Mtu aliyerowa, upepo unampiga, na hewa ina nyuzi tano au sita tu, hupoteza joto kuliko awezavyo kulitengeneza, hata kama theluji haionekani popote. Joto la ndani la mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37, likishuka chini ya nyuzi 35 tayari ni maradhi, na waganga huyaita haipothemia.

Waingereza wenyewe walijifunza jambo hili kwa msiba. Mwezi wa Machi mwaka 1964, katika milima ya Derbyshire, yalifanyika matembezi ya mashindano ya maskauti wakubwa yaitwayo Four Inns, jina lililotokana na nyumba nne za wageni zilizo njiani. Mvua na upepo viliwakuta juu ya milima, na vijana watatu wakafa kwa baridi. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakuwa wageni wa milima. Aliyechunguza msiba ule ni Dkt. Griffith Pugh, mtaalamu wa maumbile ya mwili aliyefuatana na msafara wa Everest wa mwaka 1953. Maelezo yake yalichapishwa mwaka ule ule katika jarida la Lancet, na hata leo ndiyo msingi wa mafunzo ya milimani. Nguo iliyorowa na kupigwa na upepo hupoteza sehemu kubwa ya ujoto wake. Mtembeaji mwenye nguvu hulifidia pengo hilo kwa kwenda haraka, kwani misuli ifanyapo kazi hutoa joto. Lakini akichoka, mwendo hupungua, na joto analolitoa hupungua nao, ilhali mvua na upepo havipungui. Basi aliyekuwa mzima saa moja iliyopita huanguka kwa ghafla, na wenziwe wakashangaa.

Tumelikaza jambo hili kwa sababu ndilo jibu la swali ambalo vijana huwauliza wazazi wao kwa kiburi: “Sasa mvua itanifanya nini mimi?” Nguvu za ujana humkinga kijana maadamu anakwenda. Zikimwishia, hana kinga nyingine ila nguo na wenziwe.

Dalili zake kila mwanafamilia afaa azijue. Mwenye kuanza kupatwa huwa kimya, au huwa mkali bila ya sababu. Hujikwaa penye njia sawa. Maneno yake huwa mazito kama ya mtu mwenye usingizi. Hutetemeka sana, na kutetemeka kukikoma ilhali bado yumo baridini, hali imezidi kuwa mbaya. Na ajabu ya maradhi haya ni kwamba mwenyewe hajijui. Ukimuuliza atakwambia hana neno. Ndiyo maana vijana hupelekwa kwa makundi ya sita, si mmoja mmoja, na ndiyo maana timu ambayo wepesi wake hutangulia na kumwacha mzito nyuma si timu. Kutangulia si kufika, walisema wahenga wetu, nao Dartmoor hawakuijua.

Hatari ya pili ni mito. Chini ya ardhi ya Dartmoor ni jabali tupu, na juu yake ni kinamasi cheusi ambacho kikishiba maji hakimezi tena. Mvua ikinyesha kwa wingi maji yote hukimbilia mabondeni, na kijito ambacho asubuhi mtoto hukiruka, alasiri kinaweza kumfika kiunoni na kumwangusha. Mwezi wa Machi 2007 mwanafunzi mmoja wa kike, aliyekuwa na wenziwe katika mazoezi ya Ten Tors, alichukuliwa na kijito kilichofurika, akafariki. Miezi miwili baadaye, katika shughuli yenyewe ya Mei 2007, mvua ilinyesha hata waandalizi wakaisimamisha kabla ya kumalizika, na vijana wakaondolewa milimani. Wako walionung'unika kuwa wamenyimwa medali zao. Sisi twaona siku ile ndiyo iliyoipatia Ten Tors haki ya kuaminiwa na wazazi.

Yaliyotokea mwaka uliofuata, katika mashindano ya watu wazima, yana funzo la namna nyingine, nayo tunapenda kuyaeleza kwa kirefu kidogo.

Tangu mwaka 1968, kila mwezi wa Oktoba, hufanyika mashindano ya siku mbili ya milimani, ambayo siku hizi huitwa Original Mountain Marathon. Watu huenda wawili wawili, wamebeba kila kitu, wakalala milimani na kuendelea asubuhi yake. Makusudi huwekwa mwezi mbaya. Tarehe 25 Oktoba 2008 yalikuwa Borrowdale, kaskazini-magharibi ya Uingereza, karibu na kitongoji cha Seathwaite, ambacho kwa mwaka hupata mvua ya milimita zipatazo 3,500. Kwa kulinganisha, kisiwa cha Unguja hupata takriban nusu ya hizo, na mji wa Muscat kama milimita mia moja. Walianza washindani wapatao 2,500. Upepo ulikuwa wa kumwangusha mtu, mito ikapanda, na mchana ule ule mashindano yakakatizwa.

Jioni redio na televisheni zikatangaza kuwa watu 1,700 hawajulikani waliko. Fikirini majumba yaliyosikia habari ile, na usiku wenyewe ni ule ambao saa hurudishwa nyuma, ukawa mrefu kwa saa nzima. Mmiliki wa machimbo ya mawe ya Honister, yaliyo juu ya njia ipitayo mlimani, aliwafungulia watu mamia wakajihifadhi humo. Wengine walijisitiri kwa wakulima na katika vijiji vya mabonde mengine. Na wengi, msishangae, walikuwa wamelala. Walipiga hema zao, wakavaa nguo kavu, wakapika chai, wakangoja kuche. Jumapili walionekana wote. Wachache walitibiwa hospitali, na hapana aliyekufa.

Kulizuka ubishi mkubwa baada ya hapo. Mwenye machimbo aliwalaumu waandalizi kwa ukali, nao wakajibu kwamba hapana aliyepotea: barabara zilifungwa kwa maji, watu walioteremkia mabonde mengine hawakuweza kurudi mwanzo wakahesabiwe, na kila mmoja alikuwa na hema mgongoni. Kwa rai yetu pande zote mbili zina haki. Kubeba hema na kujua kulitumia kuliwaokoa watu wengi. Lakini kujihifadhi bila ya kuweza kuwaarifu wenye orodha kuliwatoa waokoaji majumbani kwao katika dhoruba, na kuwakesha mama za watu.

Kinyume chake ni yaliyotokea China, mkoa wa Gansu, tarehe 22 Mei 2021. Mbio za kilomita 100 zilianza asubuhi na watu 172, wengi wamevaa fulana na kaputura. Huko mlimani ikaja mvua ya barafu na upepo mkali. Koti la kuzuia upepo halikuwa miongoni mwa vitu vya lazima. Walikufa 21, na miongoni mwao alikuwamo Liang Jing, bingwa wa mbio ndefu wa nchi ile. Mchungaji mmoja wa kondoo, Zhu Keming, aliyekuwa amejificha pangoni, aliwaokoa sita kwa moto na mablanketi. Bingwa alikufa, na aliyeokoa watu ni mtu aliyekwenda pale na kondoo wake.

Basi jibu letu kwa mama yule ni: mruhusu, lakini usitie saini kabla ya kuonana na mwalimu anayewafundisha. Muulize ni mara ngapi vijana wamelala nje kabla ya Mei, na kama walikwisha kufanya hivyo kwenye mvua. Muulize wafanye nini wakikuta mto umefurika. Akikujibu kuwa wataangalia wenyewe, ondoka na fomu yako. Jibu linalofaa ni kwamba hawavuki, wanazunguka hadi darajani au wanangoja, hata kama watachelewa, na kwamba hapana atakayewalaumu kwa kuchelewa. Muulize pia nani anawahesabu, na wapi, na saa ngapi. Shule moja tuliyoijua miaka ya nyuma iliwapeleka watoto wetu mazoezini na orodha ikabaki katika droo ya ofisi. Hatuitaji, maana imekwisha kutengenea.

Yapo na mambo ambayo mwalimu pengine hatayafikiri. Mtandio wa pamba ukirowa hubaki baridi shingoni na kichwani kutwa nzima. Wasichana wavae wa sufu nyembamba au wa kitambaa cha michezo kinachokauka upesi, na mwingine mkavu uwemo katika mfuko wa plastiki. Suruali ya jinzi isiingie kabisa, wala fulana ya pamba, hata ikiwa ndiyo ya shule. Chakula cha pakiti kinachogawiwa mara nyingi si halali, basi mtoto achukue chake. Tende, njugu na mkate wa nyumbani havina mshindani kwa wepesi na nguvu. Kuhusu udhu, soksi na buti, na kukusanya sala safarini, sheikh wetu wa madrasa ameahidi kuwafundisha vijana kabla ya kuondoka, ili mtu asije akavua viatu bure kwenye upepo. Na kwa kuwa miaka hii Ramadhani imeangukia majira ya baridi, ambayo ndiyo ya mazoezi, mzazi azungumze na mwalimu mapema kuhusu tarehe. Walimu wengi hukubali.

La mwisho ni la nguo za usiku. Kila kijana apewe seti moja ya nguo kavu, ifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na isivaliwe mchana hata anyeshewe vipi. Ni ya ndani ya hema tu. Asubuhi aivue, aifunge tena, kisha azivae zile zilizorowa za jana. Vijana huchukia sana sehemu hii. Wafanyeni mazoezi yake nyumbani, bustanini, usiku mmoja wa mvua.