Jitu Jekundu la Kaskazi

Jioni ya Januari, kwenye saa mbili usiku, anayetazama mashariki kutoka Tanga au Machakos huona nyota tatu zilizofuatana kwa karibu kama vifungo vya kanzu. Kulia kwa nyota hizo, juu kidogo, inang'aa Rijili, nyeupe yenye ubuluu. Kushoto, chini kidogo, ipo nyingine yenye rangi ya kaa la moto. Hiyo ndiyo Ibuti la Jauza, ambayo ulimwengu unaiita Betelgeuse.

Jina hilo la kigeni lina kichekesho chake. Waarabu waliiita Yad al-Jauza, mkono wa Jauza, yaani kundi la Jabari. Wanakili wa Ulaya wakaisoma herufi yaa, yenye nukta mbili, kana kwamba ni baa yenye nukta moja, na kosa likageuka jina.

Ukubwa wake unatisha. Ingewekwa mahali pa Jua, ingeimeza Dunia pamoja na Mirihi. Lakini uso wake una joto la nyuzi 3,300 hivi za Selsiasi, ilhali Jua lina 5,500, na ndiyo maana ni nyekundu. Mwaka 1920, katika mlima Wilson huko California, Albert Michelson na Francis Pease waliipima kipenyo, na ikawa nyota ya kwanza kupimwa hivyo baada ya Jua.

Magazeti huikumbuka inaposemekana italipuka. Kati ya Oktoba 2019 na Februari 2020 ilififia ikabaki na kama theluthi ya mwanga wake, na uvumi ukapamba moto. Kumbe ilikuwa imekohoa tu: ilitema gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, gesi ikageuka vumbi lililoizuia isionekane vizuri. Matokeo hayo yalichapishwa Juni 2021. Kulipuka itakuja kulipuka, lakini huenda ikachukua hata miaka 100,000. Kuisubiri ni kupoteza usiku mzuri.

Vitabu vya Ulaya huiita nyota ya majira ya baridi na humchora Jabari, kundi lake, akiwa amesimama wima. Kwa watoto wa shule wa Afrika Mashariki picha hiyo inapotosha, kwani huku Jabari huchomoza amelala ubavu. Kalenda nayo ina walakini. Desemba nyota hii huchomoza Jua linapotua, ila mara nyingi mawingu ya vuli huwa hayajaondoka. Wakati wake hasa ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma na anga kutakata, kabla masika hayajaanza. Katikati ya Februari, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, huwa karibu na utosi. Haihitaji darubini, wala taa za mji haziwezi kuifuta.

Mwezi Juni haionekani, imezama katika mwanga wa Jua. Zamu hushikwa na jitu jingine jekundu, Antares, moyo wa Nge, ambayo Julai saa tatu usiku huwa juu sana upande wa kusini.