Msihesabu pea, hesabuni miezi: kiatu cha mhami si mapambo

Vita vinapolipuka katika Kivu Kaskazini, gari la kwanza la raia ni miguu yake. Hakuna teksi inayongoja risasi zinyamaze. Mama anafunga mtoto mgongoni, anaweka godoro kichwani, anashika sufuria mkononi, anatembea. Akifika mahali pa kulala, siku moja atapewa turubai, blanketi, bidoni ya maji, sabuni na vyombo vya kupikia. Ni vizuri, na wanaotoa washukuriwe. Lakini mara nyingi hakuna anayeangalia chini, kwenye miguu iliyomleta. Na pale viatu vinapotolewa, huwa ni vile vya plastiki nyepesi, vingi kwa bei ndogo, ili ripoti iandikwe kwamba watu wengi wamefikiwa.

Hapo ndipo penye kosa. Viatu vya wahami vinahesabiwa kwa pea, wakati vingepaswa kuhesabiwa kwa miezi. Pea elfu moja zinazokufa kabla ya miezi mitatu si msaada wa watu elfu moja. Ni takataka elfu moja zilizochelewa kidogo kutupwa.

Anayebisha aende kwanza aangalie ardhi yenyewe. Goma na pembezoni mwake zimekaa juu ya mawe ya volkeno. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka tena mwezi wa kwanza 2002 na kuingia katikati ya mji, kisha tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ikashuka tena. Kila mara iliacha mawe meusi yenye meno. Bulengo, Mugunga, Kanyaruchinya, mawe ni yale yale. Watu waliosimamisha vibanda huko wanajua jinsi vigingi vilivyokataa kuingia na jinsi choo kilivyochimbwa kwa taabu. Ikiwa jembe linashindwa, kandambili itafanya nini? Siku chache za kwenda kuchota maji, kutafuta kuni na kubeba makala, na kamba imekatika. Mama anaifunga kwa waya. Ikikatika tena, anapasha kisu moto kwenye mbabula na kuyeyusha plastiki ili ishikane. Ikikatika mara ya tatu, anatembea bila kitu.

Na kutembea bila kitu si aibu tu. Ni ugonjwa. Funza wanaingia kwenye vidole na visigino. Minyoo ya safura inapenya ngozi ya mguu inayokanyaga udongo uliochafuliwa na choo. Kidonda cha msumari au cha jiwe kinaweza kuleta pepopunda kwa mtu ambaye hakuchanjwa. Tena, katika milima yenye udongo mwekundu wa volkeno, uko ugonjwa unaovimbisha miguu polepole kwa miaka, unaoitwa podokoniosisi. Unajulikana Ethiopia, Cameroon, Uganda, na hata hapa jirani Rwanda. Hauletwi na mbu, wala si uchawi kama wengine wanavyosema. Ni chembe ndogo za udongo zinazoingia kwenye ngozi ya mtu anayekanyaga peku mwaka hadi mwaka. Kinga yake ni mambo mawili: kuosha miguu kwa sabuni na kuvaa viatu. Sabuni inagawiwa. Viatu viko wapi?

Kuna jambo lingine ambalo wamama wa kambi wanalijua na wanaopanga orodha za msaada wanalisahau. Njia ya kuni ina hatari zake, na kila mtu katika Kivu anazielewa bila kuelezwa. Huko mtu anahitaji kuweza kukimbia. Hakuna anayekimbia juu ya mawe ya Nyiragongo akiwa na kandambili.

Sasa itazamwe upande wa pili. Watalii waliokuwa wakija kupanda Nyiragongo, mlima wa mita 3.470, waliambiwa mapema walete buti imara za kupandia milima, zenye kushika kifundo cha mguu na soli yenye meno. Walikuwa na haki. Walipanda, walilala juu usiku mmoja, walishuka, wakarudi kwao. Mara nyingi kijana aliyewabebea mzigo alikuwa na buti za mpira. Na mhami anayelala chini ya mlima huo huo, anayekanyaga mawe hayo siku 365 kwa mwaka, anapewa kiatu cha kuvaa bafuni. Nani aliyeamua kwamba mguu wa mgeni una mifupa na mguu wa mhami ni wa mti?

Si kwamba jambo hili halijajaribiwa hapa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka upande wa Kitshanga alinunua buti za ngozi za rangi ya kahawia kwenye mitumba ya Birere mwaka 2017. Hazikuwa mpya. Wiki za kwanza zilimuuma visigino, akazipaka mafuta ya ng'ombe mpaka zikalainika. Mwezi wa kwanza 2023, vita vilipofika Kitshanga, alishuka nazo kwa mguu hadi Sake, kisha Goma. Mwezi wa pili 2025, wahami walipoondoka kwenye kambi za pembeni ya Goma, alizivaa tena na kushika njia ya kurudi. Soli zimebadilishwa mara tatu, mbili kati ya hizo kwa mpira wa tairi la gari. Kamba zimebadilishwa mara zisizo na hesabu. Ngozi ina mikunjo kama uso wa mzee, lakini haijapasuka.

Katika muda huo huo, watoto wake wamemaliza viatu vya plastiki ambavyo hakuna anayekumbuka idadi yake. Mke wake alichomwa na jiwe kambini, akakaa wiki tatu bila kuweza kwenda kwenye maji. Tangu siku hiyo buti zile zikawa za watu wawili: asubuhi mke anajaza vitambaa kwenye vidole, anazivaa kwenda kwenye kuni, mchana mume anazivaa kwenda kutafuta kibarua. Pea moja ya ngozi imebeba nyumba nzima. Hilo ni sifa kwa buti, na ni aibu kwa wanaojiita wasaidizi.

Wako watakaosema: ngozi ni ghali. Basi ipigwe hesabu, ya mfano tu, kwa sababu bei sokoni hupanda na kushuka. Kiatu cha plastiki cha dola 4 kinachodumu miezi mitatu kinataka pea 8 kwa miaka miwili, yaani dola 32. Buti ya ngozi ya mitumba ya dola 20, ikabadilishwa soli mara mbili kwa dola 5 kila mara, ni dola 30. Mwisho wa miaka miwili, zile pea 8 ziko jalalani. Buti iko mguuni, na inaendelea. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Tofauti ni kwamba maskini hawezi kutoa dola 20 siku moja. Anaweza kutoa 4, kisha 4, kisha 4, na hivyo anaendelea kulipa zaidi. Ndiyo maana msaada upo: kumlipia mtu kile ambacho hawezi kukilipa kwa mara moja.

Wengine watasema buti za mpira zinafaa zaidi. Zinafaa, kwa kazi yake. Shambani wakati wa mvua, kwenye tope na kwenye mto, hakuna anayezishinda. Lakini kwa safari ya siku nzima zinapika mguu. Jasho halitoki, ngozi inalainika na kuchubuka, kifundo hakishikwi, na jiwe likishatoboa, kiraka hakikai. Anayefanya kazi kwenye tope apewe mpira. Anayetembea apewe ngozi.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi na haifai kupuuzwa. Katika nchi hii, kiatu kinaweza kumweka mtu hatarini. Watu wazima wanakumbuka mwaka 1996 na 1997, wapiganaji wa AFDL walipotembea na buti za mpira kutoka huku mashariki hadi Kinshasa. Kijana mwenye buti nyeusi ndefu za kijeshi anaweza kusimamishwa kwenye kizuizi na kuulizwa maswali ambayo hayana jibu zuri. Kwa hiyo isitolewe hata pea moja ya buti za jeshi, hata ikiwa mpya, hata ikiwa ya bure. Zitolewe za kiraia: za kahawia, fupi, zinazoishia juu kidogo ya kifundo. Anayegawa bila kufikiri hilo anagawa matatizo.

Na wale wanaosema wahami watauza? Huenda wengine watauza. Mama akiuza buti ili anunue unga, kosa si la buti. Ni njaa iliyozungumza. Turubai pia linauzwa, na hakuna aliyesema watu walale kwenye mvua. Kitu kinachoweza kuuzwa ni kitu chenye thamani. Kandambili iliyokatika haiuziki.

Lawama haziishii kwa mashirika. Wako wafanyabiashara wanaopaka rangi plastiki na kuiita ngozi. Mnunuzi anaweza kujilinda. Akunje kiatu kwa kidole gumba: ngozi inafanya mikunjo midogo kisha inarudi, plastiki inabaki laini au inapasuka rangi. Aangalie ukingo uliokatwa: ngozi ina nyuzinyuzi. Avute soli: iliyoshonwa inatengenezeka, iliyogundishwa tu itafunguka siku ya mvua ya kwanza. Aangalie ulimi wa kiatu: ukishonwa pande zote mbili, maji na mchanga havingii haraka.

Na mwenye buti aitunze. Isikaushwe karibu na mbabula, kwa sababu ngozi inayopikwa inapasuka. Ijazwe karatasi, iwekwe kivulini penye hewa. Tope litolewe kwa burashi kabla halijakauka kabisa. Mara moja moja ipakwe mafuta kidogo. Soli ibadilishwe kabla haijatoboka hadi ndani, kwa sababu fundi anaweza kuokoa buti iliyolika, lakini iliyooza anaizika tu.

Huyo fundi ndiye mtu aliyesahauliwa kuliko wote. Kwenye kona nyingi za Goma yupo mtu chini ya mwavuli, na sindano, uzi, gundi, kisu na kipande cha tairi. Wengine wao ni wahami pia. Mashirika yamekwisha kufanya foire huku Kivu, ambako familia inapewa kuponi na kuchagua vyombo yenyewe. Basi wauzaji wa buti za mitumba waitwe kwenye foire hizo, na fundi wa viatu apewe meza yake. Mguu upimwe, kwa sababu kiatu kisichoenea ni kidonda kinachongoja. Na kila familia ipewe kuponi ya pili, ya kutengenezea, itakayotumika mwaka unaofuata. Pesa hiyo itabaki mtaani. Itanunua unga kwa fundi, na itampa mama kiatu kinachoendelea kuishi.

Kamati za wahami, wakuu wa vijiji na viongozi wa mitaa nao wana kazi. Siku ya mgawanyo, wasiishie kupiga makofi na kusimama kwenye picha. Wachukue kiatu kimoja mkononi, wakikunje, wavute soli, kisha wamuulize aliyekileta swali moja mbele ya watu: hiki kitaishi miezi mingapi juu ya mawe haya? Akishindwa kujibu, apakie pea zake kwenye gari na kwenda kuuliza alikozinunua.